Wazee Walitaka Kuona Ushahidi

Siku ya kuniaga ofisini Same walipika makande. Wanajua sisi Wapare tukiagwa kwa chakula kingine tunahisi tumefukuzwa. Nilikuwa nimeshika sahani, nimeshasikia hotuba za kutosha kunizika nikiwa hai, ndipo Elibariki alipouliza swali lake. Elibariki ni kijana aliyerithi meza yangu ya ustawi wa jamii. Mtoto mzuri, mwepesi wa miguu, na mdomo nao mwepesi.

"Mama, kabla hujatuacha nikuulize kitu. Hizi video za ngono tunazozipigia kelele kwenye semina, hivi kweli zinamdhuru mwanamke? Zinadhuru jamii? Au ni aibu zetu tu? Watu wazima wamekubaliana, wamejirekodi, mwingine anaangalia chumbani kwake mlango umefungwa. Nani kaumia hapo?"

Wenzake wakacheka. Mhasibu akasema, "We Elibariki, hebu muache mama ale." Lakini mimi kula kulishanishinda, na kilichonishinda nitakisema mwishoni, kwa sababu bila yaliyotangulia hamtakielewa. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Basi ndiyo haya, Elibariki, na nyie wengine mliobaki na viti vile vibovu. Vyeo vyangu sitavitaja, kwanza vilikuwa vichache.

Nilianzia kazi Lembeni. Mimi ni Mgweno, mtoto wa Kighare, nimekulia kwenye ukungu na migomba, na siku ya kwanza nilishuka tambarare nimevaa viatu vya kisigino na sweta. Jua la Lembeni halina adabu. Kufika saa nne sweta nimelifunga kiunoni, kisigino kimoja kimebaki kwenye mataruma ya reli. Mkubwa wangu wa kazi, Mama Mrutu, mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba kama ya kifaranga, alinitazama kuanzia juu hadi chini akasema, "Umekuja harusini?" Kesho yake nikaja na raba.

Huyo Mama Mrutu ndiye aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Nyumba ya kwanza tuliyotembelea ilikuwa ya mwanamke mmoja, jicho limevimba halifunguki. Mimi na usomi wangu nikatoa kalamu, nikamkazia macho, nikamuuliza amepigwa na nani. Akasema ameanguka. Nikauliza ameangukia wapi. Akasema bafuni. Nyumba yenyewe haikuwa na bafu. Mama Mrutu akanisukuma kwa kiwiko, akavuta ungo wa mahindi uliokuwa pembeni, akakaa chini akaanza kupukuchua. Yule mwanamke naye akachukua gunzi. Wakapukuchua weee, mpaka nikaanza kusinzia, halafu yule mama akaanza kusema mwenyewe, taratibu, huku anatazama mahindi, na akasema yote.

Njiani Mama Mrutu akaniambia, "Mkono ukiwa na kazi, mdomo unasahau kuogopa. Na wewe usimtazame. Mtu mwenye aibu ukimtazama unamvua nguo mara ya pili. Tazama mahindi."

Hayo nimeyafanya mpaka nastaafu. Kama si mahindi, maharage. Kama si maharage, tangawizi. Nimekaa kwenye kila aina ya kigoda katika milima hii, na mgongo wangu ni shahidi. Vijana siku hizi mnaingia nyumba ya mtu na kishikwambi, mnajaza majibu huku mnamtazama machoni kama mnanunua ng'ombe. Haya, endeleeni.

Jambo hili la Elibariki nililikuta palepale Lembeni. Karibu na reli kulikuwa na kibanda cha video, mabati na magunia. Mchana walionyesha filamu za ngumi. Jioni wanashusha gunia la mlangoni, watoto wanafukuzwa, wanabaki wanaume. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi nje ya kibanda aliniambia, "Filamu ya ngumi ikiisha wanatoka wanarushiana mateke, wanacheka. Hizo nyingine zikiisha wanatoka kimya. Hata shikamoo hawanipi." Halafu baada ya muda akaja ofisini yeye mwenyewe. Akakaa, akatazama mahindi tuliyokuwa tukipukuchua, akasema, "Mume wangu amerudi na masharti mapya." Akaeleza hayo masharti. Mama Mrutu alianza kucheka, akaona sura ya yule mama, akarudi kwenye mahindi.

Tulikwenda kwa mwenye kibanda. Akasema yeye anakodisha mabenchi tu, picha ni za Wazungu. Tulipigana naye muda mrefu, serikali ya kijiji, wazee, sote. Hatimaye kibanda kikafa chenyewe kwa kukosa wateja, nasi tukashangilia kweli kweli. Mama Mrutu alinunua soda. Hatukujua kwamba kibanda hakikufungwa. Kiligawanywa, kila mwanaume akapewa chake mfukoni. Simu ziliingia, kwanza watu wakajaziwa kadi za kumbukumbu kwa fundi wa stendi, nyimbo za injili huku na uchafu huku kwenye kadi moja, baadaye hata fundi hakuhitajika tena.

Sitaki mniweke kwenye kundi la wanaopiga kelele bila kufikiri. Nimewahi kukutana na dada mmoja Same mjini, anajirekodi mwenyewe, anauza mwenyewe, akaniambia mwili ni wake na hajalazimishwa na mtu. Sikubishana naye. Nimewajua pia wanaume walioangalia mambo hayo miaka na wakafa ni waume wema. Na wapigaji wa wake niliowajua mimi, wengi wao hata simu ya kubonyeza hawakuwa nayo. Kwa hiyo mtu akisimama kwenye semina akasema picha hizi ndizo chanzo cha kila uovu, mimi natazama dirishani.

Lakini mzee mmoja wa Kimasai, mfugaji, alinikuta mnadani tambarare akiwa amenyang'anya simu ya mwanawe. Hakuwa amekasirika, alikuwa ameshangaa. Akaniuliza, "Mama Ustawi, hawa wanawake wa humu ndani, hawana kaka?" Swali lake limekaa na mimi kuliko semina zote nilizohudhuria, na nyingine walitupa chai nzuri tu.

Sasa nakuja kwa Nakijwa.

Nilikuwa nimeshahamia Same kitambo. Mwalimu mkuu wa shule moja ya milimani, upande wa Pare Kusini, kijiji sitakitaja, alinipigia simu kwamba mwalimu wake wa chekechea amejifungia ndani hatoki. Nikapanda. Msimu wa tangawizi ulikuwa umeanza, kila ua umeanikwa, mlima mzima unanukia. Kila niliyemuuliza njia ya kwa Mwalimu Nakijwa alinielekeza huku anazuia kicheko au anatazama chini. Nikajua.

Nakijwa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye sauti. Sauti yake ndiyo iliyoanzisha nyimbo zote za kwaya pale kanisani. Mumewe, Mbazi, alikuwa dereva wa malori ya masafa. Sebuleni walikuwa wamejaa wakwe, kwa hiyo alinivuta chumbani, tukakaa sakafuni na beseni la maharage katikati yetu. Kwa kuwa sikumtazama yeye, nilikitazama kitanda. Juu yake kulikuwa na chandarua cha bluu, kimepasuka, kimetiwa kiraka cha kitenge chenye kuku wa njano. Nikachambua maharage, nikasubiri.

"Mama, alikuwa akirudi safari anakuja na simu," alisema. "Ananionyesha. Anasema fanya kama huyu. Nikisema inauma anasema mbona yeye haumii, unamsikia? Nilikuwa nafanya. Ni mume wangu. Lakini nikimtazama usoni naona hanioni mimi. Anaangalia kama nimefanana na huyo."

Nikaendelea kuchambua.

"Sikujua kama anarekodi. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye kikombe. Mama, mimi nilidhani inachajiwa."

Video ile Mbazi aliituma kwenye kundi lao la madereva. Huko kila mmoja alikuwa akituma ya wa kwake, na asiyetuma anaitwa mlokole. Kutoka huko ikatoka. Video za namna hiyo siku hizi wanaziita koneksheni. Ikapanda mlima haraka kuliko mbolea ya ruzuku. Siku ya Jumapili Nakijwa alisimama kuanzisha wimbo, akaona vijana wa sauti ya nne wanaangaliana, na wimbo ukamkatikia kooni.

Nikamuuliza anataka nini. Ni swali ambalo Mama Mrutu aliniapisha niulize kila mara, kwa sababu sisi maofisa huwa tunajua watu wanachotaka kabla hawajafungua kinywa. Nilidhani atasema talaka, au Mbazi afungwe.

"Nataka ife," akasema. "Nataka ifutwe kila mahali. Ikifa, mengine nitavumilia."

Kisha akauliza, "Wewe umeiona?"

"Sijaiona, na sitaiona."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Basi wewe ndiye pekee naweza kukutazama."

Nilimshauri twende polisi. Sheria ya makosa ya mtandao ipo. Akakubali, lakini baba yake na baba mkwe wakasema kwanza ukoo. Na yeye akaona heri hivyo, akasema wazee wakitamka kila mtu afute, watu watafuta, laana ya wazee inaogopwa kuliko askari. Nami sikuona ubaya. Mnatujua. Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Watu wanatutania hivyo kuanzia Tanga mpaka Arusha, na hawasemi uongo. Mwenyekiti wa kikao chenyewe, Mzee Kajiru, mwinjilisti na baba mdogo wa Mbazi, aliwahi kumshtaki jirani kwa kuku, kuku wa kweli, akakata rufaa, na akashinda. Nikasema moyoni, kama kuku alitetewa hivyo, huyu binti leo amepata wakili.

Wakati wa kikao wanawake tulikaa nje, upande wa jikoni, tukisubiri kuitwa. Nakijwa alikuwa kando yangu, tunapukuchua mahindi. Ndani tuliwasikia wazee wakifungua kwa sala. Mzee Kajiru akaeleza shauri, vizuri, kwa mpangilio, mtu angedhani amesomea sheria. Halafu akasema kwa sauti yake ya rufaa:

"Wazee, kesi bila ushahidi haisimami. Tukigombana mpaka, twende shambani tuone mpaka. Tukigombana maji, tupande mpaka kwenye ndiva, bwawani, tuone mfereji umekatwa wapi. Hatuwezi kuhukumu kitu ambacho hatujakiona."

Wengine wakaitikia, "Kweli. Kweli kabisa."

Nilisimamisha mkono. Nilidhani nimesikia vibaya. Kisha kupitia ule ukuta wa udongo tukaisikia. Sauti ya Nakijwa. Ile sauti inayoanzisha nyimbo, ikitoka kwenye simu ya mtu, na wazee wakikohoa.

Nakijwa hakulia. Aliendelea kupukuchua. Punje zilimwagika nje ya ungo na akaendelea, gunzi limekwisha, kidole gumba kinasugua gunzi tupu.

Niliingia mle ndani bila hodi. Katika ukoo wowote hilo ni kosa, tena mgeni, tena Mgweno, si wa Pare Kusini. Simu ilikuwa juu ya meza, wazee wameizunguka, na mmoja mwenye macho mabovu alikuwa anaomba atumiwe kwenye simu yake kubwa aione vizuri. Nikaifunika kwa kanga yangu. Nikasema, "Hamna haya nyie? Huyu ni mtoto wenu!"

Mzee Kajiru akanijibu kwa upole, na upole wake ndio uliniumiza. "Mama Ustawi, tunamtetea. Tutamteteaje kwa kitu tusichokijua?" Alimaanisha. Naapa alimaanisha. Ilikuwa ndiyo njia aliyotumia kwa mipaka na mifereji na kuku, na haikumjia kwamba mwanamke si mfereji.

Baba yake Nakijwa alitoka, akapita mbele yetu bila kututazama, akaenda kusimama kwenye migomba akatupa mgongo. Alisimama huko mpaka kikao kikaisha.

Hukumu ilikuwa hivi. Mbazi alete mbuzi kwa baba yake Nakijwa na kuomba radhi. Kila mwenye picha afute. Nakijwa arudi kwa mumewe, yaishe nyumbani, jina la ukoo lisianikwe. Wazee walitoka wametua mzigo. Na kila aliyetumiwa "kwa ajili ya kesi" alitoka nayo mfukoni.

Niliongea na Mbazi baadaye, nyumbani kwao, akiwa anakaza nati za gari. Nilitaka kumchukia na nilimchukia, lakini nawaambia kilichokuwepo. Hakuwa mnyama. Alikuwa analia. Akasema, "Mama, mimi sijawahi kumpiga. Kule kila mtu alikuwa anatuma wa kwake. Nilitaka waone na mimi ninacho." Nikamuuliza, una nini? Akarudia, "Ninacho." Alimsema mkewe kama gari.

Nilirudi kwa Nakijwa, nikamwambia sasa twende polisi, kikao kimeshindwa. Akaniuliza, "Na kule nako, hakimu atataka kuona ushahidi?"

Ningemdanganya ningefaulu. Nikamwambia ndiyo, atauona, na mwendesha mashtaka, na wakili wa Mbazi akiwa naye.

"Basi imetosha, mama," akasema. Na kesi ile ikafia hapo, katika milima ambako kuku ana rufaa.

Ikabaki kanisa. Wazee wa kanisa waliamua kwamba Nakijwa ametengwa, asiimbe, asishiriki meza ya Bwana, hadi asimame mbele atubu na kurudishwa kundini. Mnaujua utaratibu. Mbazi alikuwa safarini, toba yake ingesubiri. Niliposikia nilikasirika, nikamfuata mchungaji. Kijana mwema, amechoka, mitaa yake mingi. Akasema, "Mama, nikimrudisha mapema ndiyo nimemsaidia. Asimame mara moja, yaishe." Kila mtu alikuwa anamsaidia. Sijawahi kuona mtu amesaidiwa vile.

Nilikuwepo siku hiyo, benchi la nyuma. Nakijwa alivaa gauni la kwaya. Alisimama mbele, mchungaji akamuuliza kama anatubu dhambi yake. Nje mbuzi alikuwa analia.

"Natubu yote niliyomkosea Mungu," alisema, na sauti ikafika hadi kwangu nyuma. "Ila baba mchungaji, mimi sikuiona hiyo picha. Mpaka leo sijaiona. Walioiona wako humu. Naomba na wao waje tusimame wote."

Wanaume walifungua vitabu vya nyimbo, wengine wamevishika juu chini. Wanawake wakawatazama waume zao, kisha wakatazama sakafu. Mchungaji akageukia kwaya waimbe, na kwaya haikuwa na wa kuanzisha.

Halafu Mzee Kajiru akainuka. Alitembea mpaka mbele na fimbo yake, akasimama karibu na Nakijwa, lakini si karibu sana. Akavua kofia aliyokwisha kuivua, mkono ukashika kichwa kitupu.

"Mimi niliiona," akasema. "Niliiona mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa ya kesi." Akaegemea fimbo. "Mara ya pili nilikuwa peke yangu. Sikuwa na kesi."

Alilia pale mbele, mzee mwenye wajukuu, analia kamasi. Nikamhurumia na nikataka kumpiga kwa fimbo yake mwenyewe. Nakijwa hakumtazama. Alikuwa anawatazama wengine, benchi hadi benchi, anasubiri. Hakuinuka mtu mwingine. Mwisho mchungaji akatamka baraka, watu wakatoka haraka kama mvua imeanza.

Mzee Kajiru alivuliwa uinjilisti, akachekwa mpaka alipokufa. Vijana walimwita Mara Mbili. Waliokaa kimya hakuna aliyewacheka. Wale waliokuwepo walijifunza siku ile kwamba salama iko kwenye kukaa.

Elibariki, hapo ndipo jibu langu linapoanza. Uliuliza nani ameumia. Mbazi alikosa mke, sawa, alijitakia. Lakini mzee aliyekuwa na heshima yake aligundua kilichomo ndani yake uzeeni, kwa kukodolea macho simu. Baba mmoja alisimama kwenye migomba na hakuweza tena kukaa meza moja na bintiye. Watoto wa chekechea walikosa mwalimu, na mpaka leo kwaya ile inaanza wimbo kwa kubahatisha. Sijui kama picha humfanya mwanaume kuwa mbaya. Ninachojua ni kwamba kijiji kizima kilimwangalia mwanamke mmoja, wengine kwa tamaa, wengine kwa hasira, wengine kwa haki, na kati ya wote hao hakuna aliyemwona.

Nakijwa aliondoka. Yuko mji wa mbali, anapika chakula kwenye kibanda, anatumia jina jingine. Aliwahi kuhama tena kutoka mji wa kwanza, mteja mmoja alimwangalia sana, akaangalia simu, akamwangalia tena. Ananipigia kila mara. Ananisimulia bei ya mchele, tunacheka, na kabla hajakata anauliza maswali yake mawili.

"Mama, imekufa?"

"Imekufa, mwanangu. Siisikii tena."

"Na wewe hujaiona?"

"Sijaiona."

Hapo humsikia anashusha pumzi. Aliniambia mara moja kwamba duniani kuna mtu mmoja tu anayemjua yeye na hajui mwili wake, na mtu huyo ni mimi, na kwamba hiyo ndiyo inayomfanya aamke. Nimefanya kazi nyingi katika utumishi wangu. Hii ya kutoangalia naamini ndiyo niliyoifanya vizuri kuliko zote.

Asubuhi ya siku ya kuniaga alipiga kunipongeza. Akauliza maswali yake. Nikajibu kama kawaida.

Mchana, Elibariki, kabla hujauliza swali lako, nilipita nyuma yako na chupa za soda. Ulikuwa unamwonyesha dereva simu. Sikukusudia kutazama. Pale juu waliandika "koneksheni mpya", mpya, baada ya miaka yote hii, na chini ya maandishi nikaona chandarua cha bluu chenye kiraka cha kitenge, na wale kuku wa njano. Uligeuza simu haraka ukaifunika mezani. Nadhani uliuliza swali lako kwa sababu ulijua nimeona. Ulitaka nicheke na wengine nikuondolee aibu. Sikuchukii. Unaweza kuwa ofisa mzuri kuliko mimi. Huyo uliyemwonyesha dereva anaitwa Nakijwa, na alikuwa na kaka wawili.

Jana simu yangu iliita nikiwa jikoni nachambua maharage. Nikaona jina lake. Nikafuta mikono, nikaishika, nikaitazama inavyoita mpaka ikanyamaza yenyewe.